Kabaka na Wasomaji Wake

Wako watu wadhanio ya kuwa mashahidi wa Uganda walikufa kwa sababu ya kumwasi mfalme wao. Sisi twaona sivyo, na yafaa kuitazama habari yenyewe, maana ndani yake mamlaka ya serikali, ya nyumba na ya Kanisa yalikutana mahali pamoja.

Katika Buganda ya zamani Kabaka alikuwa juu ya wote. Yeye ndiye aliyegawa nchi na vyeo, naye aliweza kumshusha leo mtu aliyempandisha jana. Jamaa wakubwa walipeleka vijana wao kutumika katika nyumba yake, na hiyo ilikuwa heshima kubwa, tena njia ya kupata utawala. Basi kijana aliyemkosea Kabaka alikuwa amewakosea na baba zake waliomtoa. Tusiposahau jambo hili tutaelewa uzito wa neno "hapana" katika kinywa cha kijana wa miaka kumi na minne kama Kizito.

Wamisionari wa Kanisa la Uingereza walifika kwa Mutesa mwaka 1877, na mapadre wa Kikatoliki mwaka 1879. Waliofuata mafundisho wakaitwa wasomaji. Mwaka 1882 mapadre waliondoka wakaenda kusini ya ziwa, wasirudi hata mwaka 1885. Sisi walimu hupenda kukaa kidogo hapa. Muda wote ule waliowaongoza Wakatoliki walikuwa watu kama Yosefu Mukasa, aliyewasimamia watumishi wa Kabaka, wala hakuna aliyemwekea mikono. Hawakujitwalia daraja wasilopewa. Walifundisha na kusali tu. Mapadre waliporudi waliwakuta wengi kuliko wale waliowaacha.

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala Mwanga, angali kijana. Hofu yake haikuwa ya bure: mwaka 1885 Wadachi walikuwa wakijitwalia nchi za upande wa pwani. Askofu Hannington alipokuja kwa njia ya mashariki, akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka tarehe 29 Oktoba mwaka ule. Walakini hofu ya mfalme haigeuzi mauaji kuwa hukumu. Yosefu Mukasa alimwambia hivyo usoni, naye tangu zamani alikuwa akiwakinga vijana na tamaa mbaya za bwana wake. Akauawa tarehe 15 Novemba. Husimuliwa ya kuwa alimpelekea Kabaka salamu za msamaha, akamsihi atubu. Je, mwasi hutuma salamu za namna hiyo?

Mwezi wa Mei mwaka 1886 ghadhabu iliwaka tena. Karoli Lwanga, aliyeshika kazi ya Yosefu, aliwabatiza usiku wanafunzi waliokuwa hawajabatizwa, na asubuhi wakaitwa wasomaji wasimame kando, wakasimama. Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa kwa Bwana, wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mkuu wa wauaji alikuwa Mukajanga, na mmoja wa waliohukumiwa alikuwa Mbaga Tuzinde, aliyelelewa naye kama mwanawe. Mzee yule alimbembeleza kijana aikane dini, au akubali kufichwa. Mbaga alikataa. Basi Mukajanga akaamuru apigwe shingoni afe kwanza, asiusikie moto. Tufikirivyo sisi, mzee huyo alikuwa mfungwa kuliko mwanawe: alimtii mfalme katika jambo ambalo moyo wake wa baba ulilikataa.

Mtume Paulo, katika mlango wa 13 wa waraka kwa Warumi, anawataka Wakristo wawatii wenye mamlaka. Petro naye, katika Matendo mlango wa 5, alikataa mbele ya baraza kunyamaza habari za Bwana. Wasomaji wa Buganda waliyashika yote mawili. Walifagia, walibeba, walilinda, walitumwa wakaenda. Walilolikataa ni dhambi, na kulikana jina la Bwana.

Yaliyofuata hatuwezi kuyasifu yote. Mwaka 1888 Mwanga alikusudia kuwaacha wasomaji, Wakristo na Waislamu, kisiwani wafe. Nao wakaungana wakamwondoa. Punde Waislamu wakawafukuza Wakristo, wakakimbilia Nkore. Mwanga mwenyewe alivuka ziwa mpaka Magu, kisha akapokewa Bukumbi, karibu na Mwanza, na mapadre walewale ambao wanafunzi wao aliwachoma. Wakristo wakamwita arudi. Ni kweli walihitaji mtu wa ukoo wa kifalme, maana Kalema alikuwa amewaua wana wa wafalme wengi. Hata hivyo si jambo dogo kumpigania mtu aliyewaua ndugu zako. Mwaka 1890 alikaa tena Mengo. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti, ambao ndugu zao walikufa katika moto mmoja, walipigana wao kwa wao kwa ajili ya vyeo. Kufa chini ya mamlaka mabaya waliweza. Kuyashika mamlaka wenyewe kuliwashinda.

Mwanga aliwaasi Waingereza mwaka 1897, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa, akaitwa Danieli. Akafa mwaka 1903, na mwaka 1910 mwili wake ukarudishwa, ukazikwa Kasubi karibu na baba yake.