Polikwateniamu: inalainisha nywele, haiponyeshi

Ku soko la Kasumbalesa na mu butike za karibu na mpaka wa Zambia, chupa nyingi za shampuu na mafuta ya nywele ziko na maandishi madogo nyuma. Jina moja linalorudi mara kwa mara ni Polyquaternium, pamoja na namba: 7, 10 ao nyingine.

Polikwateniamu ni polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli. Mnyororo huu uko na chaji chanya, ile alama ya + inayoonekana ku betri. Nywele zikiwa mu maji ziko na chaji hasi, na chaji hiyo inazidi pale zimeharibiwa na defrizan, rangi ao chuma cha moto. Chanya na hasi zinavutana, kwa hiyo polima inajishika zaidi pale pameharibika. Maji ya kusuuza hayaiondoe yote. Inabaki utando mwembamba sana: nywele zinateleza, kitana kinapita bila kuzikata. Mu losheni, inaacha ngozi laini vile vile.

Namba haionyeshi nguvu. Inafuata tu zamu ya kuandikishwa. Namba 7 ni ya kemia yote. Namba 10 inaanzia ku selulosi ya mimea, kisha kemia inaigeuza. Jina likiwa karibu na mwisho wa orodha, si udanganyifu: kiasi kidogo kinatosha.

Lakini utando si dawa. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, hauwezi kujiponya. Chupa inayoahidi kutengeneza nywele zilizokatika inazifunika tu, na utando unaisha kidogo kidogo. Ukirundikana, nywele zinakuwa nzito. Basi shampuu ya kawaida, isiyo na vilainishi, inausafisha.

Hatari kubwa iko ku defrizan. Zingine ziko na sodiamu haidroksaidi, soda kali ile ile ya kutengenezea sabuni. Kichwa kikianza kuchoma, mtu asivumilie ili nywele zinyooke zaidi: asuuze mara moja na maji mengi. Kukiwa na kidonda, kinachofaa ni kituo cha afya, si chupa nyingine ya kulainisha.

Basi mama anayelipa franka zake kwa polikwateniamu ananunua ulaini wa siku chache. Ni kitu cha kweli, ila kisilipiwe bei ya dawa.