Chombo kinakula nini? Habari ya redio, foni na simu katika Katanga yetu

Ninyi mnaokaa katikati ya mji wa Kolwezi na ninyi mliohamishwa kwenda pembeni, kuna swali linalorudi kila juma: ninunue simu gani? Mmoja anasema ya kwake inazimika kabla ya saa sita mchana. Mwingine anasema kuran ilirudi usiku kwa nguvu, ikaunguza shaja pamoja na televizyo. Mimi hujibu kwa swali lingine: hapo unapolala, hiyo simu itakula nini? Wazee wetu walijiuliza jambo hilo kabla simu haijafika hapa, na mara nyingi walilijibu vizuri kuliko sisi.

Tuanze na kuran yenyewe, maana hapo ndipo penye uchungu. Mji wetu haukukosa kuran. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, kwenye mto Lualaba, yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya viwanda vya Union Minière. Kisha mwaka 1982 ikawashwa laini kubwa kutoka Inga, karibu kilometa 1,700, iliyokuja kuishia papa hapa Kolwezi. Laini hiyo inabeba kuran ya aina isiyogeuka mwelekeo. Inafaa sana kwa safari ndefu, lakini mtu hawezi kuichomoa njiani kwa waya mbili. Kila mahali pa kuitoa panahitaji kituo kikubwa cha kuigeuza, na kituo cha namna hiyo ni ghali mno. Basi vijiji vingi vilivyo chini ya nguzo vilibaki na vibatari, huku kuran ikipita juu ya vichwa vyao kwenda mgodini. Na hata sisi tulio mwisho wa laini tulipata masalio. Mashine za mgodi zilikula kwanza, nyumba za watu zikafuata.

Kwa hiyo chombo cha nyumbani kinachongoja kuran ya ukutani kimekuwa mashaka hapa tangu zamani. Vilivyoshinda ni vile vilivyokuja na chakula chao.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua haukutoka kwetu. Ulitoka ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Baada ya vita ya pili ya dunia kulikuwa na kituo cha redio Lusaka kilichosema kwa lugha za wenyeji, Kibemba kikiwa mojawapo. Shida ilikuwa wasikilizaji: redio za wakati ule zilikuwa kubwa, zilitaka kuran ya ukutani au bateri nzito, na bei yake haikushikwa na mfanyakazi wa mgodi. Mkuu wa habari wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, akazunguka kwa watengenezaji wa Uingereza akiomba redio ya bei ndogo inayokula mawe makavu. Wengi hawakuona faida. Kampuni ya Ever Ready, ambayo kazi yake ilikuwa kuuza mawe hayo, ilikubali. Ganda la redio hiyo likatengenezwa kwa sufuria ya alumini isiyo na mpini, likapakwa rangi ya buluu, na mwaka 1949 ikaanza kuuzwa. Watu wakaiita redio ya sufuria.

Bei ilikuwa pauni 5, na bateri yake pauni 1 na shilingi 5. Si kidogo kwa mchimbaji wa siku zile. Lakini angalieni hesabu: bateri moja ilidumu saa 300 hivi. Ukisikiliza saa tatu kila jioni, ni siku mia moja. Mtu aliweza kupanga fedha zake. Alijua siku ambayo chakula cha redio kitakwisha, akaweka akiba. Siku hizi ni nani kati yetu anayeweza kusema simu yake itazimika saa ngapi?

Mawimbi mafupi hayaombi karatasi mpakani, na Kibemba kinasikika pande zote mbili za mpaka huo. Kisha zikaja redio za transista, ndogo, zinazokula mawe machache ya kawaida, yale tunayoita pile. Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 mwezi wa saba 1960, alitangaza redioni. Tangu miaka hiyo, kumiliki redio kumekuwa ni kujua kama ubaki au ufunge mizigo. Wenye umri wanakumbuka mwezi wa tano 1978, vita ilipoingia Kolwezi na askari wa Ufaransa wakashuka kwa miamvuli.

Na watu walijifunza kulisha redio zao. Mawe yaliyochoka yaliwekwa juani, kwa sababu joto huyaamsha kwa muda. Yakikataa kabisa kwenye redio, yalihamishiwa kwenye tochi. Wengine waliunganisha mawe sita au nane ya zamani, wakayafunga kwenye ubao nje ya redio, wakapeleka waya ndani. Mkoloni angecheka kuona redio yenye mkia. Lakini ilisema.

Sasa nifike kwenye miaka ya 1990, ambayo familia nyingi zinazosoma hapa zinaibeba mwilini. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba mwaka 1986, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Katikati ya anguko hilo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, kisha Kolwezi, pamoja na waliozaliwa hapa. Watu wengi mno walilala kwenye stesheni za gari la moshi wakingoja mabehewa. Mume alipandia hapa, watoto wakapandishwa kwingine.

Simu ya waya ya serikali ilikuwa imekufa. Simu za mkononi zilikuwepo nchini tangu miaka ya 1980, kwa jina la Telecel, lakini hizo zilikuwa za wakubwa wa Kinshasa. Raia alikuwa na foni. Vijana hawaijui, kwa hiyo nieleze. Foni ni redio ya kusema na kusikia kwa mawimbi mafupi, iliyokuwa kwenye misheni na kwa wafanyabiashara. Ilikula bateri ya gari, iliyojazwa kwa pano la jua au kwa grupe. Waya wake ulivutwa kati ya miti miwili. Ulifika, ukaandikisha jina, ukalipa, ukangoja. Upande wa pili mtu alitumwa mbio kumwita ndugu yako, nawe ukaambiwa urudi saa fulani. Mlisema kwa zamu: mmoja akimaliza anamwachia mwingine nafasi, maana wawili wakisema pamoja hakuna anayesikia. Na kila aliyekaa kwenye benchi alisikia habari zako zote, ndiyo maana watu walijifunza kutaja fedha na ugonjwa kwa mafumbo.

Ilikuwa taabu, sikatai. Lakini foni ilikuwa na jambo moja ambalo simu imelipoteza: bateri ilikuwa moja kwa watu wote, na kulikuwa na mtu mwenye kazi ya kuitunza. Pasipo foni palikuwa na barua za Msalaba Mwekundu, karatasi ya wazi yenye habari za familia peke yake. Yenyewe haili kitu. Bado zipo hadi leo, na aliyepotelewa na ndugu asione haya kuuliza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikafika Celtel na Vodacom. Mwavuli wa kabini ukaota kila pembe ya barabara; ulinunua dakika bila kumiliki simu, na kulisha simu kulibaki kazi ya mwenye kabini. Baadaye kila mtu akanunua yake, na kila mtu akabaki na njaa yake. Ongezeeni hapo ile RAM ya mwezi wa tisa 2020, inite zilipokatwa kwa jina la kuandikisha simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za kisasa. Watu walipiga kelele hata bungeni, ikaondolewa mwaka 2022.

Simu za kwanza zilikuwa na bateri inayotoka. Jambo hili dogo lilikuwa na faida kubwa. Ulipeleka bateri peke yake kwa mwenye pano au grupe, simu na kadi yake vikabaki mfukoni mwako. Wenye uwezo walikuwa na bateri mbili, moja inakula, nyingine inafanya kazi. Kisha watengenezaji wakaifunga bateri ndani kwa gundi. Huku kwetu gundi hiyo maana yake ni kumwachia mtu usiyemjua simu nzima: picha, namba za ndugu, na fedha zilizomo.

Na ndani ya bateri hiyo mara nyingi mna kobalti. Bateri za aina hiyo zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, mwaka mmoja tu baada ya Kamoto kuporomoka. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini mwetu, nyingi kutoka Lualaba hii. Kasulo ilichimbwa hadi chini ya nyumba za watu. Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH ya hapa Kolwezi waliandika juu ya Cité Gécamines: watu waliokuwa na maji ya bomba na kuran walieleza kwamba walihamia kwenye nyumba zisizo na bomba, wala kuran ya kutegemewa. Mtu anaondolewa kwenye soketi yake ili madini ya bateri yapatikane.

Ulaya wameona ubaya wa gundi. Sheria yao ya 2023 inadai kwamba kuanzia mwezi wa pili 2027 bateri za vyombo vidogo ziweze kutolewa na mwenyewe, ingawa baadhi ya vyombo vimeachiwa nafasi. Baadhi ya simu zinazouzwa sokoni kwetu ni zile zilizokwisha kutumika huko, kwa hiyo tutaziona baada ya miaka kadhaa.

Wakati tunangoja, familia nyingi za pembeni zimegawanya kazi. Simu kubwa inabaki moja ya nyumba nzima, inapelekwa kula siku ambayo kuna mtu wa kukaa nayo. Mfukoni kuna ile ndogo ya vidole, yenye tochi na redio, ambayo bateri yake inatoka. Kwa mwenye pano mnaziona zimepangwa mezani, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina.