Jamaa za Weiss na Dorf: Tamthilia ya Televisheni na Sheria ya Ujerumani

Mnamo Januari 1979, kwa jioni nne, televisheni ya Ujerumani ya Magharibi ilionyesha tamthilia ya Kimarekani iitwayo Holocaust. Yakadiriwa kwamba watu milioni 20 hivi waliona walau sehemu moja. Habari za kuuawa kwa Wayahudi milioni 6 zilikuwa zimekwisha kuandikwa na kupigwa picha tangu zamani. Kilichopungua ni jamaa. Hapa mtazamaji alikaribishwa arusini, Berlin, mwaka 1935: Karl, mwana wa daktari Weiss, Myahudi, anamwoa Inga, Mkristo. Daktari huyohuyo amemtibu mke wa Erik Dorf, mwanasheria asiye na kazi, ambaye kwa kusukumwa na mkewe anaingia katika kikosi cha SS. Historia ikawa na baba, binti na shemeji, na maelfu ya watazamaji wakapiga simu studioni. Vijana wengi waliwauliza wazazi wao walikuwa wakifanya nini miaka ile.

Swali hilo lilikuwa na tarehe. Kwa sheria ya wakati huo, haki ya kuwashtaki wauaji wa enzi ya Hitler ingekoma mwisho wa 1979. Mwezi Julai Bunge la Bonn lilifuta ukomo huo kwa kura 255 dhidi ya 222. Tamthilia haikupiga kura, bila shaka, na mjadala wenyewe ulianza kabla ya hapo, mwaka 1965. Hata hivyo, wabunge walikuwa wakiamua mbele ya taifa lililokwisha kuwajua akina Weiss kwa majina. Ni kwa sababu ya kura hiyo kwamba mwaka 2015 mahakama ya Lüneburg iliweza kumhukumu Oskar Gröning, karani wa SS huko Auschwitz, akiwa na umri wa miaka 94.

Elie Wiesel, aliyenusurika Auschwitz, aliilaumu tamthilia hiyo kuwa imeshusha hadhi ya msiba. Edgar Reitz naye aliikataa kwa sababu nyingine, akatoa Heimat mwaka 1984: sehemu 11 za maisha ya Maria na jamaa yake katika kijiji cha Schabbach, tangu 1919 hadi 1982. Kwa sanaa, Heimat yaipita Holocaust kwa mbali. Lakini Wayahudi karibu hawaonekani humo, kwa kuwa masimulizi yanafuata yale ambayo jamaa ya Maria iliyaona, au iliyokubali kuyaona.