African Queen (riwaya na sinema)

Riwaya ya mahaba na vita ya Mwingereza C. S. Forester, iliyochapishwa mwaka 1935, ambayo asili yake ni mapigano ya Ziwa Tanganyika ya miaka 1915 na 1916, pale Waingereza walipozikokota kwa nchi kavu, kupitia Kongo hadi Lukuga, mashua mbili za vita zilizoitwa Mimi na Toutou. Merikebu ya Wajerumani, Graf von Götzen, kitabuni imekuwa Königin Luise.

John Huston aliifanya sinema mwaka 1951, akiwatumia Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na picha zikapigwa katika Kongo ya Wabelgiji na Uganda. Mhusika mkuu wa kiume, ambaye Forester alimjaalia kuwa mtu wa London, akageuka Mkanada. Na hatima ikapinduliwa, kwani kitabuni hila ya wapenzi wawili wa hadithi ya kuizamisha meli hiyo ya Wajerumani inabatilishwa na dhoruba, ilhali katika sinema wanaozwa huku kitanzi kikiwangoja, kisha mabaki ya mashua yao, African Queen, yanaizamisha meli ya adui. Kwa insafu, tamati ya Forester, japo chungu, ndiyo iliyo karibu zaidi na tarikhi: Götzen hasa ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916.

Ikaopolewa mwaka 1924, ikaitwa Liemba. Na mwaka 1997, jambo ambalo wasimuliaji wa mahaba hawalikumbuki, iliwarudisha Uvira kutoka Kigoma, kwa safari 22, wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wameikimbia vita ya Zaire.