Ua Lililokosa Heshima Kwao

Mcheza kwao hutunzwa. Lakini solidago, ua la rangi ya dhahabu la Amerika ya Kaskazini, lilitunzwa ugenini kwanza. Katika karne ya 17 lilivushwa bahari mpaka Uingereza likapewa nafasi bustanini, na mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden aliandika aina zake kadhaa kitabuni.

Kwao lilihesabiwa gugu la kando ya njia, tena likashitakiwa kwa kosa la jirani yake. Majira lichanuapo watu wengi hupiga chafya na kutokwa machozi. Lakini chavua yake ni nzito, nayo huchukuliwa na wadudu. Mkosaji ni ambrosia, mmea wa maua madogo asiyoyatazama mtu, ambao chavua yake hupeperushwa na upepo.

Wenyeji walitanabahi polepole. Nebraska ililifanya ua la jimbo mwaka 1895, Kentucky mwaka 1926. Na leo hupandwa makusudi, likachipua kila mwaka katika mizizi ile ile. Ugenini nako pambo lilitoroka bustanini, likasonga mimea ya Ulaya, na sasa hung'olewa.

Basi gugu na pambo ni hukumu za watu, na kila hukumu hudai ushahidi.