Kwa Mkono wa Dallas: Barua za Nyumba Yetu Kati ya Houston na Fort Worth



Katika sanduku la marehemu bibi, ambalo sasa limo chumbani mwangu mjini Houston, mna barua ishirini na tatu zilizoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Juu yake hamna namba ya nyumba wala jina la mtaa. Limeandikwa jina la anayepelekewa, jina la mji, kisha maneno "kwa mkono wa" na jina la nahodha au la mwenye duka. Nyingine zimepita mikono mitatu kabla ya kufika. Zote zasomeka hata leo.

Chini ya barua hizo mna karatasi sita za printa, zenye matundu pembeni na wino uliopauka. Ndizo pekee zilizosalia katika mamia ya barua walizoandikiana marehemu baba, aliyekuwa Houston, na ami, aliyekuwa Fort Worth, kati ya mwaka 1986 na 1990. Moja kati ya karatasi hizo ilizusha ubaridi baina ya ndugu wawili, na sababu yake niliijua mimi peke yangu. Leo naieleza, pamoja na historia ya chombo kilichobeba barua hizo, kwani naamini wako wasomaji ambao wazee wao walikitumia nao hawajui.

Wazee wetu walitawanyika baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964. Waliokwenda Mombasa walikwenda, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 wengi walielekea Oman. Baba na ami walifika Texas kwa masomo, wakabaki kwa kazi. Baina ya Houston na Dallas ni kama kilomita 385, mwendo wa saa nne kwa gari. Simu baina ya miji hiyo ilikuwa ya masafa marefu, nayo ilitozwa kwa dakika. Baada ya saa tano usiku bei ilishuka.

Mwaka 1986 bei ya mafuta ilianguka, kutoka zaidi ya dola 25 kwa pipa hadi chini ya dola 15, na Houston ikapata msiba wake. Kampuni ndogo aliyofanyia kazi baba ilifungwa. Katika kugawana vilivyobaki, yeye alipewa kompyuta aina ya Tandy 6000, yenye diski laini za inchi 8, badala ya sehemu ya mshahara wake wa mwisho. Mama hakufurahi. Tandy ilikuwa kampuni ya Fort Worth, na kompyuta hiyo iliendeshwa kwa Xenix, yaani Unix iliyotolewa kwa leseni ya Microsoft. Ndani yake mlikuwamo programu zilizoitwa UUCP.

UUCP ni kifupi cha maneno yenye maana ya kunakili kutoka Unix hadi Unix. Iliandikwa na Mike Lesk katika maabara za Bell katikati ya miaka ya 1970, ikaenea pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Haikuhitaji mtandao wa kudumu. Ilihitaji laini ya simu ya kawaida, modemu, na jirani aliyekubali kupokea simu yako. Mashine yako humpigia jirani usiku, humpa mafaili uliyomwekea, humwuliza kama naye ana chochote chako, hupokea, kisha hukata simu. Jirani naye humpigia jirani yake. Ndivyo barua ilivyovuka nchi, mkono kwa mkono.

Anwani yenyewe ilieleza njia. Yaliandikwa majina ya mashine kwa mpangilio wa safari, yakitenganishwa kwa alama ya mshangao, na jina la mtu likawa la mwisho. Baba aliponionyesha mara ya kwanza alicheka. "Hii alama," akasema, "isome 'kwa mkono wa.'" Barua ya kwenda kwa ami ilipita kwa mkono wa mashine moja ya Dallas, na Dallas ikaifikisha Fort Worth kwa simu ya karibu. Mwenye mashine ile ya Dallas hakutujua kwa nasaba wala kwa lugha. Aliombwa, akakubali. Mtandao mzima ulisimama juu ya ihsani ya namna hiyo: mtu kubeba barua za wengine, mara nyingi kwa gharama ya simu yake mwenyewe.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na Kiingereza changu kilikuwa chepesi kuliko cha baba. Kazi ya kusoma kitabu cha maelekezo na kuitengeneza mashine ikawa yangu. Faili kubwa lilikuwa moja, lililoitwa L.sys. Kila jirani alikuwa na mstari wake humo, na kila neno la mstari huo lilikuwa na mahali pake. La kwanza ni jina la jirani. La pili ni siku na saa zinazoruhusiwa kupiga simu. Kisha chombo cha kupigia, kasi, na namba ya simu. Mwisho huja mazungumzo ya mlangoni: ngoja neno hili, jibu neno lile.

Mazungumzo hayo yalinifundisha subira. Mashine ya jirani inapopokea simu hutoa neno la kumtaka mgeni ajitambulishe, lakini herufi ya kwanza ya neno hilo huweza kupotea katika kelele za laini, au kuwa kubwa hapa na ndogo kule. Kwa hiyo mtu hakungojea neno zima. Alingojea mkia wake tu, "ogin:", na akikosa kuusikia alituma mstari mtupu akasubiri tena. Baada ya jina likaja neno la siri, nalo vivyo hivyo lilisubiriwa kwa mkia. Niliposahau nukta mbili za mwisho nilikesha usiku mzima nikisikiliza modemu ikipiga, ikiitikiwa, na ikikata.

Modemu yetu ilikuwa ya kasi ya biti 1200 kwa sekunde, yaani takriban herufi 120. Ukurasa wa herufi 1800 ulichukua sekunde 15 hivi. Barua iligawanywa vipande vidogo vya baiti 64, na kila kipande kilihakikiwa; kilichofika na kasoro kilitumwa tena. Kwa hiyo barua ilifika kamili au haikufika kabisa. Programu ya kupiga, uucico, niliipangia iamke mara moja kila saa itazame kama kuna mzigo.

Likabaki neno la pili la mstari, la siku na saa. Baba alitaka simu zipigwe baada ya saa tano usiku tu, hadi saa moja asubuhi, kwa ajili ya gharama. Kitabu kilitoa vifupisho: kila siku ya wiki ilikuwa na chake, "Any" ilikuwa ya siku yoyote, na ilikuwapo "Wk". Niliiona "Wk" nikadhani maana yake ni wiki nzima. Nikaandika hivyo, pamoja na saa. Kumbe "Wk" ni siku za kazi tu, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa miezi mingi hapana aliyegundua, kwani barua za kawaida hazina haraka, na iliyolala Jumamosi iliondoka usiku wa kuamkia Jumatatu.

Bibi alifariki Mombasa alfajiri ya Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka 1988. Akazikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Simu ilipotufikia Houston palikuwa bado usiku kwetu, na maneno ya kwanza yalikuwa kwamba wamekwisha kumzika. Baba alimpigia ami. Laini ya ami ilikuwa imekatwa. Siku zile alikuwa na deni. Ofisi aliyofanyia kazi haikuwa na mtu wa kupokea simu mwisho wa wiki, lakini ami alikuwa na ufunguo, na kila Jumamosi na Jumapili usiku aliingia kuziangalia mashine na kusoma barua zake. Baba akaketi mbele ya Tandy, akaandika mistari sita. Akamwambia khitma itasomwa Jumapili baada ya alasiri, nasi tunamngoja.

Barua ikaingia katika ghala la mashine. Saa tano usiku ilipita. Jumapili watu wakaja, wakasoma, wakala, wakaondoka. Baba alitoka kibarazani mara nyingi kutazama njia. Ami hakuja.

Ami aliisoma barua ile Jumatatu asubuhi. Jioni alikuwa mlangoni kwetu, na sufuria zimekwisha kuoshwa. Sikusikia walivyosemezana, ila nilisikia kwamba hawakusemezana sana. Usiku ule nilifungua faili linaloandika matukio ya mashine. Tangu Jumamosi saa tano usiku hadi Jumapili saa tano, kila saa, palikuwa na mstari ule ule kwamba huu si wakati wa kupiga. Nikabadilisha "Wk" nikaandika "Any". Sikumwambia mtu.

Sasa niitaje karatasi yenyewe. Ami aliipiga chapa, na baada ya miaka ikarudi kwetu ndani ya Kurani ya bibi. Barua za mtandao ule zilibeba kichwani alama za safari: tarehe iliyowekwa ilipoandikwa, na mstari wa kupokewa uliowekwa na mashine iliyopitia. Karatasi hii inasema iliandikwa Jumamosi asubuhi. Chini yake inasema Dallas iliipokea Jumatatu, dakika kumi na mbili baada ya saa sita usiku. Ami alikuwa mtu wa kompyuta, na alama hizo alizisoma siku ile ile. Kwa hesabu yake, simu za Houston zilipigwa kila usiku. Basi barua iliyofika Dallas Jumatatu iliandikwa Jumapili usiku, baada ya khitma, na tarehe ya Jumamosi iliwekwa ili kumnyamazisha. Hakumwuliza baba. Baba naye aliamini kuwa barua ilifika Jumamosi na ndugu yake hakuona haja ya kuja. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na baba alifariki wakiwa katika hali hiyo ya salamu za Idi tu.

Mwezi uliopita nilikwenda Fort Worth na karatasi hiyo mfukoni. Nilimweleza ami habari ya herufi mbili. Aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia kuwa mstari ule niliuandika kwa mkono wangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba karatasi aishike. Amenipa ruhusa ya kuandika haya.

Enzi yenyewe haikudumu. Katika Dallas ilikuwapo mashine mashuhuri iitwayo killer, aina ya AT&T 3B2, iliyoendeshwa na mhandisi Charles Boykin na kukaa katika jengo la Infomart; watu wengi wasio na kompyuta ya Unix walipata barua zao humo. AT&T waliizima Februari 1990, wakati wa uchunguzi wa waraka wa simu za dharura za 911 uliochukuliwa kutoka BellSouth. Barua zetu hazikupita kwake, lakini habari ile iliwatia hofu wenye mashine wengi. UUNET ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 1987 kuuza kwa fedha kile ambacho majirani walikitoa bure, na baada yake intaneti ikaenea kwa watu wote. Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza: mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam na Makerere vilibadilishana barua kwa simu, katika mradi ulioitwa ESANET, kwa taratibu za ukoo huo huo wa kuweka na kupeleka.

Diski za inchi 8 za baba zingaliko, lakini sina chombo cha kuzisomea. Barua za nahodha zimedumu kwa kuwa ni karatasi, na sita za baba zimedumu kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mkiona katika vitu vya wazee karatasi za printa zenye majina yaliyounganishwa kwa alama za mshangao, msizitupe. Someni vichwa vyake kabla ya maneno yake, kwani humo mna njia, siku na saa. Pili, kama mzee wenu aliendesha mashine, tafuteni ramani za UUCP zilizokuwa zikitangazwa kila mara katika Usenet. Zimehifadhiwa, na faili za Texas zinaanza kwa u.usa.tx. Kila mashine iliyosajiliwa iliandikiwa jina lake, mahali pake, na majirani iliowapigia simu.

Na mwenye kujua kwamba ukimya wa wawili katika nyumba yake una sababu ndogo aliyoificha, aiseme wangali hai wote wawili. Mimi nimechelewa kwa mmoja.