Chumba cha mnasihi

Wadau, hapa chuo ukitaja tiba ya maongezi watu wanawaza sinema za wazungu. Kumbe kwetu Nyanda za Juu Kusini ilishaingia, tena kwa mlango wa ukimwi. Utafiti wa 2007/08 ulikuta maambukizi Iringa (Njombe ikiwa bado ndani yake) asilimia 15.7, Mbeya 9.2. Julai 2007 Kikwete alipima hadharani, kampeni ya nchi nzima ikaanza.

Mnasihi anakuuliza kabla hujatobolewa kidole: ukikutwa nao, utamwambia nani? Halafu anakaa kimya, anasikiliza. Hakuamulii, hakuhukumu.

Mtu wa Chimala aliweza kupanda basi akapime Makambako, asikojulikana. Ila lazima arudi kwa mwenza wake, na mnasihi hapandi naye basi. Anachoweza ni kumsikiliza pale chumbani akijaribu maneno atakayoyasema akifika.